Kufanya kazi shuleni kama mtaalamu wa usemi na lugha: mwongozo kamili wa kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu

Mtaalamu wa usemi na lugha aliyezoea kliniki anapohamia shuleni hukuta swali lenyewe limebadilika. Kliniki huuliza mtoto ana tatizo gani na litibiwe vipi, ilhali shule huuliza ni kitu gani kinachomzuia mtoto huyu kuelewa somo, kujibu swali la mwalimu, kusoma, kuandika na kuwa na marafiki wakati wa mapumziko. Mara nyingi majibu ya maswali hayo hukutana, lakini si kila mara. Mwanafunzi mmoja anaweza kukosea sauti moja ya matamshi bila kosa hilo kumzuia chochote darasani, na mwenzake akatamka kila neno vizuri huku haelewi nusu ya maelekezo anayopewa. Huyu wa pili ndiye anayekuhitaji zaidi, naye ndiye anayeletwa kwako kwa nadra, kwa kuwa hamsumbui mtu.

Mtazamo huu una msingi unaokubalika kimataifa. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya, ambao huuangalia ulemavu kama matokeo ya hali ya mwili kukutana na shughuli anazotarajiwa mtu kuzifanya, ushiriki wake katika jamii na mazingira yanayomzunguka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataka katika ibara ya 24 elimu jumuishi katika ngazi zote, na katika ibara ya 2 unaihesabu nukta nundu, maandishi makubwa, lugha nyepesi na njia mbadala za kuwasiliana kuwa mawasiliano kamili. Kwa hiyo kazi yako ipimwe kwa kile mwanafunzi anachokifanya darasani na uwanjani. Anachokifanya akiwa nawe peke yake chumbani ni maandalizi tu.

Kabla ya kumwita mwanafunzi wa kwanza

Tumia siku za mwanzo kuijua shule. Kaa nyuma ya madarasa kadhaa na uangalie kiwango cha kelele, idadi ya wanafunzi, jinsi mwalimu anavyotoa maelekezo, lugha inayotumika kufundishia na lugha ambayo wanafunzi huongea wanapocheza. Soma sheria na kanuni za elimu maalumu zinazotumika unapofanyia kazi, hasa zile zinazoeleza nani anastahili huduma, idhini ya mzazi hutolewa vipi na kumbukumbu za mtoto hutunzwa wapi. Omba chumba chenye utulivu na kabati lenye kufuli. Halafu kubaliana na mkuu wa shule kwamba muda wa kuzungumza na walimu uandikwe kwenye ratiba yako rasmi, kwa sababu muda usioandikwa humezwa na vipindi, na bila mazungumzo hayo kazi yako itabaki chumbani.

Kupokea majina na kuchuja

Walimu wakiombwa tu kutaja watoto wenye shida ya kuongea, watawataja wenye kigugumizi na wanaokosea matamshi, na wataishia hapo. Waandalie fomu fupi inayouliza mambo wanayoyaona kila siku. Je, mwanafunzi anafuata maelekezo ya hatua mbili yanapotolewa kwa darasa zima, au huwatazama wenzake kwanza ndipo aanze? Anaweza kusimulia jambo lililotokea kwa mpangilio ambao msikilizaji ataufuata? Mtu asiyemzoea humwelewa? Hukwepa kusoma kwa sauti au kujibu maswali ya kwa nini na vipi? Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba takriban asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule wana ugumu mkubwa wa lugha usiotokana na ulemavu mwingine unaojulikana, yaani karibu wawili katika darasa la wanafunzi 30. Wengi wao huitwa wavivu, wasiosikiliza au watukutu kwa miaka mingi kabla mtu yeyote hajauliza kama wanaelewa maneno wanayoambiwa.

Kila jina linapofika, hakikisha kwanza kwamba usikivu umepimwa. Maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu kwa vipindi, kiasi kwamba mtoto huonekana anasikia leo na hasikii wiki ijayo, na watoto wenye ugonjwa wa Down au waliozaliwa na kaakaa lililopasuka hupata tatizo hilo mara nyingi kuliko wengine. Kuanza tiba ya lugha kabla ya kujua kama mtoto anasikia ni kupoteza muda wake na wako.

Upimaji unaokuambia cha kufanya

Anza kwa kumtazama mwanafunzi katika mazingira angalau mawili tofauti, kwa mfano somo lenye maelezo marefu na muda wa mchezo. Kisha zungumza na mzazi au mlezi na mwalimu wa darasa. Mzazi aulizwe swali ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulijibu: ukimlinganisha mtoto huyu na ndugu zake walipokuwa na umri wake, je, alianza kuongea kwa kuchelewa, na je, huwa vigumu kumwelewa hata nyumbani?

Baada ya hapo chukua sampuli ya lugha. Rekodi mwanafunzi, kwa idhini, akisimulia kisa kutoka kwenye picha zinazofuatana, akieleza jinsi mchezo anaoupenda unavyochezwa, na akizungumza kwa uhuru, hadi upate kauli kati ya 50 na 100. Kipimo cha wastani wa urefu wa kauli, ambacho mwanasaikolojia Roger Brown alikieneza mwaka 1973 kwa kuwachunguza watoto wanaojifunza Kiingereza, kina manufaa, lakini kwa Kiswahili usihesabu maneno. Mtoto anayesema "atakupikia" ametumia neno moja lenye kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendewa, mzizi, kinyambulishi na kiishio, na mhesabu maneno atamwona kama mtoto wa kauli za neno mojamoja. Hesabu mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, kisha angalia ni viambishi gani vinakosekana au kuchanganywa: upatanisho wa ngeli, nyakati, urejeshi, mnyambuliko wa vitenzi. Orodha hiyo ya viambishi vinavyokosekana ndiyo itakayokupa malengo.

Uelewa upimwe peke yake, na upimwe bila msaada wa mazingira. Ukimwambia mwanafunzi afungue kitabu huku umekishika mkononi, umepima macho yake. Mpe maelekezo yasiyotabirika, kama kuweka kalamu chini ya daftari lililofungwa kabla ya kusimama, bila kuonyesha kwa kidole wala kutupa jicho kwenye vitu hivyo.

Vipimo sanifu vinahitaji tahadhari kubwa. Alama zake hupata maana kwa kulinganishwa na watoto wa lugha na mazingira ambamo kipimo kilisanifishwa, kwa hiyo ukikitafsiri unabaki na maswali na kupoteza viwango. Unaweza kuyatumia maswali hayo kuona mtoto anafanya nini, lakini usiandike alama linganishi kwenye ripoti. Njia iliyo bora kwa mwanafunzi wa lugha mbili au tatu ni upimaji wa kujifunza: pima kitu asichokijua, mfundishe kwa dakika chache, kisha pima tena huku ukiandika alihitaji msaada wa kiasi gani. Mtoto ambaye alikosa tu nafasi ya kujifunza hupanda haraka, na mwenye ugumu wa lugha huhitaji marudio mengi hata kwa jambo dogo.

Kanuni ya kutenganisha ugumu wa lugha na hali ya kujifunza lugha mpya ni kwamba ugumu wa kweli huonekana katika lugha zote za mtoto. Vilevile, tofauti za matamshi zinazotoka katika lugha ya kwanza, kama kubadilishana kwa r na l au kutamka dh kama z, hazihitaji tiba. Kuzijaza kwenye orodha ya wagonjwa ni kuongeza majina tu.

Kwa mwanafunzi asiyeongea, upimaji unageuka. Orodhesha njia zote anazotumia sasa hivi: kutazama, kusukuma mkono, kugeuza uso, kulia, kumvuta mtu. Kando ya kila njia andika kwa nini anaitumia, na nani na wapi. Akiwa na mtindio wa ubongo, mshirikishe mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuamua kwamba hawezi kuonyesha picha, kwa sababu mtoto ambaye kiwiliwili na kichwa havijaegemezwa hutumia nguvu zake zote kutoanguka. Wala usikadirie akili yake kwa majibu asiyoyatoa. Mtu ambaye hajapewa njia ya kujibu hajapimwa.

Ripoti unayompa mwalimu iwe ukurasa mmoja: mwanafunzi anaweza nini, nini kinamzuia katika masomo, na mambo matatu ambayo darasa linaweza kuanza kesho. Ripoti ndefu iende kwenye faili.

Kuandika malengo ndani ya mpango wa elimu binafsi

Mpango wa elimu binafsi, yaani hati ya malengo na huduma za mwanafunzi mmoja, ulianza kuwa takwa la kisheria nchini Marekani kwa sheria ya mwaka 1975, na leo nchi nyingi zina mpango wa namna hiyo chini ya majina tofauti. Hapa ndipo wataalamu wengi wazuri hulegea. Lengo linalosema kwamba mwanafunzi "ataboresha stadi zake za mawasiliano" halimwongozi mtu yeyote, na mwisho wa mwaka hakuna atakayejua kama limefikiwa. Linganisha na hili: kufikia mwisho wa muhula wa pili, mwanafunzi akiwa katika somo la sayansi na ubao wake wa mawasiliano (wenye picha au alama za maneno) ukiwa mezani, ataomba ufafanuzi kwa neno, ishara au alama, bila kukumbushwa, angalau mara mbili katika vipindi vinne kati ya vitano vitakavyofuatiliwa. Lengo hilo lina tarehe, mazingira, tendo linaloonekana, kiwango cha msaada na kiwango cha mafanikio, na limetoka moja kwa moja kwenye jambo linalomkwamisha, yaani kunyamaza asipoelewa.

Kabla ya kuandika kiwango cha mafanikio, pima hali ya kuanzia mara kadhaa. Asiyejua mwanafunzi anafanya jambo mara ngapi leo hawezi kujua kama mara mbili ni hatua kubwa au ndogo. Malengo mawili au matatu kwa kila mwanafunzi yanatosha. Mwanafunzi mwenyewe, kama ana umri na uelewa wa kushiriki, aulizwe anataka nini kibadilike. Kijana mwenye kigugumizi anaweza kukuambia kwamba hajali sana jinsi anavyosoma kwa sauti, ila anataka kuweza kutaja jina lake bila kukwama anapokutana na watu wapya, na hilo ndilo litakalokuwa lengo.

Ratiba: wapi, mara ngapi, na nani

Huduma hutolewa kwa njia kuu tatu, ambazo ni kumtoa mwanafunzi darasani, kufanya kazi naye ndani ya darasa, na kuwaelekeza mwalimu na wasaidizi ambao ndio watakaokuwa naye siku nzima. Sauti mpya ya matamshi hujengwa vizuri zaidi chumbani kwa vipindi vifupi vinavyokaribiana, kwa kuwa dakika 10 au 15 zilizojaa marudio mara tatu kwa wiki huzaa zaidi ya kipindi kirefu kimoja. Msamiati wa masomo na stadi za mazungumzo huhitaji darasa lenyewe. Mwanafunzi anayetumia ubao au kifaa cha mawasiliano huhitaji zaidi watu wanaomzunguka wafundishwe kuliko yeye kufundishwa peke yake.

Usimtoe mwanafunzi katika somo analofanya vizuri au katika michezo. Ratiba hurahisika hivyo, ni kweli, lakini utakuwa umemnyang'anya saa pekee ambayo anajisikia sawa na wenzake.

Orodha ikiwa kubwa kupita uwezo wako, wazo la kuzingatia ni mpangilio wa wiki tatu kwa moja: wiki tatu za vipindi na wanafunzi, kisha wiki moja ya kuangalia madarasa, kutengeneza vifaa, kufundisha walimu na kukutana na wazazi. Ueleze mapema uongozi wa shule kwamba wiki ya nne ni huduma, ama sivyo utapangiwa kusimamia mitihani.

Mwanafunzi anayehitaji njia nyingine ya kuwasiliana

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mtaalamu wa shuleni anapoweza kubadilisha maisha ya mtoto zaidi, na ndipo imani potofu zilipo nyingi. Iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtoto akipewa picha au kifaa ataacha kujaribu kuongea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakukuta hata mshiriki mmoja ambaye usemi wake ulipungua kwa sababu ya njia hizo, na wengi wao waliongeza kidogo. Potofu ya pili ni kwamba mtoto lazima kwanza afikie kiwango fulani cha akili au aweze kutazama picha kwa makini. Hakuna sharti la kutangulia. Unaanza na mtoto alivyo.

Chagua maneno kabla ya kuchagua kifaa. Ubao uliojaa majina ya vyakula na wanyama humfanya mtoto awe mwombaji tu, au mtu anayejibu maswali ya kutaja vitu. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku hubebwa na maneno machache yanayojirudia, kama taka, enda, acha, tena, saidia, hapana, mimi, wewe, nini, wapi, nzuri, bado. Haya yapate nafasi kubwa, na majina yaongezwe kufuatana na somo la wiki. Weka pia maneno ya kukataa, kulalamika na kutania. Mtoto asiyeweza kusema "sitaki" kwa alama atalisema kwa kuuma au kuangusha meza, kisha ataitwa mwenye tabia mbaya.

Kiswahili kinaleta swali ambalo mbao zilizotengenezwa kwa Kiingereza haziliulizi: alama hubeba mzizi, lakini neno linalosemwa lina viambishi. Suluhisho linalofanya kazi ni kugusa alama za "mimi", "taka" na "maji" huku ukitamka "ninataka maji" kwa ukamilifu. Mtoto huonyesha kwa mizizi na husikia sarufi nzima, na viambishi unaweza kuviongeza kama alama za pekee pale anapokuwa tayari. Alfabeti iwepo kwenye ubao tangu mwanzo, hata kama hajui kusoma, kwa sababu ni herufi pekee zitakazomruhusu siku moja kusema jambo ambalo hakuna aliyelichorea picha.

Baada ya kuuweka ubao, kazi yako kubwa ni kuutumia wewe mwenyewe. Gusa neno moja au mawili katika kila sentensi unayomwambia, bila kumtaka arudie, kwa wiki nyingi, kama vile mtoto mchanga anavyoongeleshwa muda mrefu kabla hajaongea. Alama zisihamishwe mahali pake, kwani mkono hukumbuka njia. Ubao usichukuliwe kamwe kama adhabu na usifungiwe kabatini baada ya kipindi. Mwenye kishikwambi awe pia na nakala ya karatasi, kwa sababu betri huisha. Mbinu ya kubadilishana picha, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, humfundisha vizuri mtoto kumwendea mtu na kuanzisha mawasiliano, ila usiiache iishie kwenye kuomba vitu tu.

Ipo mbinu moja ya kukataa bila kusita, nayo ni ile ambayo msaidizi hushika mkono au bega la mtoto ili "kumsaidia" kuandika ujumbe. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha wazi kwamba ujumbe ulitoka kwa msaidizi, na kuendelea nayo ni kumwekea mtoto maneno ya mtu mwingine.

Matamshi, lugha ya masomo, usonji na kigugumizi

Katika matamshi, tofautisha mtoto asiyeweza kuitoa sauti na yule anayeitoa lakini haitumii mahali pake. Wa kwanza hupandishwa ngazi: sauti peke yake, silabi, neno, fungu la maneno, sentensi, mazungumzo. Wa pili, kwa mfano anayesema t badala ya k, hunufaika na jozi za maneno zinazobadilika maana, kama "kaa" na "taa", ambapo akikosea unampa picha ya kile alichokisema na yeye mwenyewe anagundua kwamba sicho alichokitaka. Lenga marudio mengi, yakaribie 100 katika kipindi ikiwezekana. Mazoezi ya kupuliza filimbi, kutikisa ulimi na kunyonya mirija hayana ushahidi wa kuboresha matamshi, hata kama watoto huyapenda. Mtoto hujifunza kutamka kwa kutamka.

Kwa lugha ya masomo, mwombe mwalimu orodha ya maneno ya mada ijayo wiki moja kabla, uchague matano au sita ambayo mada haiwezi kueleweka bila hayo, uyafundishe kwa vitu halisi, vitendo, michoro na sentensi nyingi, kisha mwanafunzi aingie darasani akiwa tayari anayajua. Kusikia neno analolifahamu mwalimu anapoanza kueleza humbadilishia mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili somo zima.

Mwanafunzi mwenye usonji anayerudia maneno aliyoyasikia, ya sasa hivi au ya zamani, mara nyingi anawasiliana. Andika maneno anayoyarudia, lini na nini kilitangulia, kwa wiki moja kabla ya kuamua. Anayerudia swali lako lote huenda anakubali, na anayerudia tangazo la redio huenda anakuambia amechoka. Usimlazimishe kukutazama machoni ili aonekane anasikiliza.

Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, na takriban asilimia 1 ya watu huishi nacho ukubwani. Kwa mwanafunzi wa umri wa shule usiahidi kwamba kitatoweka. Mfundishe kukwama kwa mkazo mdogo, kuingia katika neno kwa ulaini, na kuzungumza juu ya kigugumizi chake bila aibu, huku ukiwafundisha walimu wasimmalizie sentensi wala kumwambia "tulia, vuta pumzi". Dhihaka za wenzake zishughulikiwe kama suala la nidhamu ya shule, nawe uwepo.

Kula na kumeza

Mwanafunzi anayekohoa anapokula au kunywa, ambaye sauti yake huwa ya majimaji baada ya chakula, anayepungua uzito au anayeugua kifua mara kwa mara, huenda chakula kinaingia katika njia ya hewa. Usibadilishe chakula chake kwa kukisia. Mpeleke kwa timu ya hospitali, na kama hujapata mafunzo ya kumeza usiguse eneo hili zaidi ya kuhakikisha anakaa wima, analishwa taratibu na mtu anayemtazama, na chakula kina ulaini ule ule uliopendekezwa. Mfumo wa kimataifa wa kupanga ulaini wa vyakula na uzito wa vinywaji una ngazi kuanzia 0 hadi 7, na kutumia namba zake huondoa ubishi kati ya nyumbani, hospitali na jikoni mwa shule.

Mwalimu na mzazi

Mpe mwalimu jambo moja kwa wakati mmoja. La kwanza liwe kungoja. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe, katika tafiti zake za miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu hungoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojibu huongezeka. Mtumiaji wa ubao wa mawasiliano huhitaji muda mrefu zaidi ya huo. Mwalimu akishazoea kungoja, ongeza ratiba ya picha ukutani, kisha maelekezo mafupi yanayotolewa moja moja. Nenda darasani ukaonyeshe, kwa kuwa karatasi ya ushauri iliyoachwa mezani haisomwi, na mwalimu mwenye darasa kubwa ana haki ya kuona kwamba unachopendekeza kinawezekana.

Mzazi asiambiwe kamwe aache lugha ya nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Lugha mbili hazisababishi ugumu wa lugha, na hata watoto wenye ugonjwa wa Down au usonji huweza kukua katika lugha zaidi ya moja. Mtoto aliyenyimwa lugha ya bibi na babu yake hupoteza watu wa kuongea nao. Kazi ya nyumbani iingie katika mambo ambayo familia inafanya tayari, kama kuoga, kuvaa na kutandika kitanda. Mkalimani akihitajika, awe mtu mzima asiyehusika na familia, na ndugu wa mtoto wasigeuzwe wakalimani wa habari nzito.

Kufuatilia, kubadilisha, na kusimamisha huduma

Andika data fupi kila kipindi, na kila baada ya wiki mbili au tatu pima kwa maneno au mazingira ambayo hukuyafundisha, kwa sababu mafanikio katika picha zilezile huonyesha kumbukumbu tu. Wiki sita zikipita bila badiliko, kagua kwanza usikivu, mahudhurio, dawa mpya za kifafa na usingizi, kisha badilisha mbinu. Ukiona mwanafunzi amefika kiwango chumbani na hajafika darasani, hamisha vipindi vyote darasani badala ya kuongeza vingine chumbani.

Huduma isimamishwe malengo yanapofikiwa katika maisha ya shule, au mwanafunzi mwenyewe anapotaka mapumziko, na mlango ubaki wazi kwa maandishi. Mapema katika mwaka wa mitihani, andikia bodi husika kuomba anachostahili: muda wa ziada, msomaji, kutumia ubao wake, au utaratibu mbadala katika mtihani wa kuzungumza. Maombi ya namna hii hudai ushahidi kwamba msaada huo ndio anaoutumia kila siku darasani, hivyo uanze kutumika muda mrefu kabla ya mtihani.

Anapohama darasa au shule, mwandalie kijitabu cha kurasa chache kilichoandikwa kwa nafsi ya kwanza na kuidhinishwa naye: ninavyosema ndiyo na hapana, ninachomaanisha nikifanya hivi, uningoje kwa muda gani, ninachokipenda, kinachoniudhi, nifanyiwe nini nikichoka. Fanyeni makabidhiano mkiwa watu watatu, mwalimu anayemwacha, anayempokea na wewe, huku mwanafunzi akiwepo na ubao wake mbele yake, ili mwalimu mpya amwulize swali la kwanza yeye mwenyewe na angoje jibu.